Uta na Uchungu: Habari za Kuwinda Ndovu kwa Mishale

Kiswahili kina majina mawili ya silaha moja. La kwanza ni upinde, nalo ndilo lisikiwalo kila mahali. La pili ni uta, ambalo vijana wengi hawalijui ila wamelikuta kitabuni. Upinde ni jina lililotokana na tendo, kwa maana mti umepindwa, na kwa hiyo twaweza kulitumia kwa vitu vingine vilivyopindika, kama tusemavyo upinde wa mvua. Lakini uta ni jina la silaha yenyewe. Wakamba na Wakikuyu husema uta. Wanyanja wa upande wa ziwa la Nyasa husema uta vile vile. Nao Wagiryama, ambao mahali pengi huweka h pale tuwekapo sisi t, husema uha. Neno linalopatikana hivi kwa watu waliotengana mbali sana halikuazimwa juzi. Lilikuwamo katika vinywa vya wazee wao kabla hawajatawanyika, na silaha ilikuwamo mikononi mwao.

Katika makala haya twataka kueleza jinsi ndovu, mnyama mkubwa kupita wote wa nchi kavu, alivyokuwa akiwindwa kwa silaha hii nyuma ya pwani ya Kenya. Ni maneno gani yaliyotumika katika kazi hiyo. Na kwa sababu gani desturi hiyo imekoma. Hatuandiki ili mtu aifufue, kwa kuwa sheria imeikataza, nasi twaiheshimu sheria. Twaandika kwa sababu watu walioijua wamebaki wachache, na neno lisilo mtu wa kulisema hufa pamoja na mzee wake.

Viungo vya silaha

Kwanza na tuyaweke maneno mahali pake. Uta una mti wake na kamba yake. Kamba hiyo huitwa upote, nayo hufanywa kwa mshipa wa mnyama au kwa ngozi iliyosokotwa, maana kamba ya nyuzi za miti hukatika upesi ikivutwa kwa nguvu nyingi. Mshale nao una sehemu tatu. Mti wake mwembamba huitwa wano. Chuma cha mbele huitwa chembe, na wengine hukiita kigumba. Na nyuma yapo manyoya, ambayo kazi yake ni kuunyosha mshale katika mwendo wake usiyumbe. Mfuko wa kuchukulia mishale huitwa podo, na katika Kiswahili cha zamani ziaka. Wagiryama huuita mshale muvi, na Wanyanja pia huuita muvi. Basi hapa tena twaona ya kuwa majirani wa pwani wamehifadhi neno la kale ambalo Waswahili wengi wameliacha.

Hata mwindaji mwenyewe ana majina mawili. Mwinda au mwindaji ni yule awindaye kwa namna yoyote. Msasi ni jina lililotoka katika kusaka, kama vile mpishi lilivyotoka katika kupika na mcheshi katika kucheka, kwa kuwa k hubadilika ikifuatwa na i. Kusaka ni kumtafuta mnyama vichakani na kumtoa alikojificha, mara nyingi pamoja na mbwa na watu wengi. Kuwinda ndovu kwa mshale hakukuwa kusaka hata kidogo. Ilikuwa kazi ya mtu mmoja au watu wachache, wasio na mbwa wala kelele. Na vitenzi vyake vilikuwa kufuata nyayo, kunyatia na kuotea. Ndiyo sababu twalichagua neno mwindaji katika makala haya, tukiacha msasi kwa kazi yake.

Waata, watu wa uta mkubwa

Wawindaji waliojulikana kupita wengine kwa kazi hii ni Waata, ambao jirani zao wamewaita kwa majina mengi: Waliangulu, Walangulo, Wasanye. Wenyewe hujiita Waata. Lugha yao ni jamaa ya lugha ya Waorma na ya Waoromo wengine wa kaskazini, na ndovu katika lugha hiyo huitwa arba. Makao yao yametawanyika katika nchi kavu iliyo nyuma ya mashamba ya pwani, toka upande wa mto Tana kuja kusini hata Kwale na Taita. Kati ya nchi hiyo unapita mto mmoja wenye majina matatu: juu huitwa Athi, katikati Galana, na karibu na bahari Sabaki. Ukingo wa Galana, wenye mikoma na maji ya mwaka mzima, ndio uliokuwa kiini cha mawindo yao, kwa sababu wakati wa kiangazi ndovu hawana budi kuufikia mto.

Uta wa Mwaata haukuwa kitu cha kuchezea. Nyuta zao zilizopimwa zilionekana kuhitaji nguvu ya ratili 100 na zaidi ili zivutwe sawasawa, yaani zaidi ya kilo 45. Mtu mzima mwenye nguvu, asiyefundishwa, akishika uta wa namna hiyo ataona aibu, maana hautafika hata nusu ya mvuto. Mvulana wa Kiata alipewa uta mdogo tangu utoto, na kila alipokua uta wake ulikua pamoja naye, hata mgongo na mabega yake yakazoea. Katika historia ya Ulaya twapata nyuta za kulingana na hizo katika merikebu ya Kiingereza iitwayo Mary Rose, iliyozama mwaka 1545 na kuopolewa mwaka 1982 pamoja na nyuta nyingi za askari wake.

Lakini hapa msomaji atauliza swali la haki. Ngozi ya ndovu ni nene, na mwili wake una uzito wa tani kadhaa. Mshale, hata ukitoka katika uta wenye nguvu namna gani, ni kitu chembamba kama kidole. Je, wawezaje kumwangusha? Jibu ni kwamba nguvu za uta hazikuwa za kuua. Kazi ya uta ilikuwa kuupitisha mshale katika ngozi tu, uingie nyamani. Kazi ya kuua ilikuwa ya kitu kingine, na jina la kitu hicho latufundisha mengi.

Uchungu

Neno sumu tumelipata kwa Waarabu. Ni neno zuri, nasi twalitumia kwa kila kitu kinachodhuru kikiingia mwilini: sumu ya nyoka, sumu ya panya, sumu ya chakula. Je, kabla ya sumu wazee walisemaje? Wagiryama huiita sumu ya mishale utsungu, na mti itokako huuita mutsungu. Neno hilo hilo kwao lina maana ya ukali wa kitu kisicho kitamu, na ya maumivu. Sisi twasema uchungu. Watu wa Mvita husema utungu. Na katika Kiswahili cha zamani twakuta pia usungu kwa maana ya sumu ya mishale hasa, na mti wake huitwa msunguti. Basi neno moja limebeba mambo matatu: ladha ya dawa ulimini, maumivu ya mwanamke azaaye, na kitu cheusi kilichopakwa kwenye mshale. Mwenye kuonja akajua ya kwanza, na mwenye kuchomwa akaijua ya tatu.

Mti wenyewe ni wa jamii ambayo wataalamu wa mimea huiita Acokanthera. Ni mti mdogo, wenye majani magumu ya kijani kibichi mwaka mzima na maua meupe yenye harufu nzuri, na mgeni apitaye karibu nao hawezi kudhani lolote. Wapikaji mashuhuri walikuwa Wagiryama, nao Waata walinunua kwao. Mbao na vijiti vya mti huo vilichemshwa kwa saa nyingi, maji yakachujwa, yakachemshwa tena mpaka yakawa kitu kizito cheusi mithili ya lami. Kazi hiyo ilifanywa mbali na nyumba, na wapikaji walikuwa na miiko yao. Kitu hicho kilipakwa kwenye shingo ya chembe, nyuma ya ncha. Kisha kikavingirishwa kwa ukanda mwembamba wa ngozi, ili kisikauke wala kuharibiwa na jua, na ili mwenye mishale asijidhuru mwenyewe. Ukanda huo uliondolewa windo lilipokaribia.

Ubora wa uchungu ulijaribiwa kabla ya kununuliwa. Mojawapo ya majaribio yasimuliwayo ni hili: mtu hujichanja kidogo mkononi, akaiacha damu ichuruzike, kisha huigusisha sumu kwenye ncha ya chini ya mchuruziko ule, mbali na jeraha. Ikiwa ni kali, damu hubadilika rangi na kuwa nyeusi kuelekea juu, na mtu huipangusa upesi kabla haijafika kwenye mchanjo. Mnunuzi aliyeyaona hayo hakuhitaji maneno mengi ya mwuzaji.

Wataalamu wa Ulaya walianza kuuchunguza uchungu huo katika karne ya kumi na tisa. Daktari John Kirk, ambaye baadaye alikuwa balozi wa Uingereza huko Unguja, alikuwa katika msafara wa Livingstone wa mto Zambezi, ulioanza mwaka 1858. Huko aliona sumu ya mishale iitwayo kombe, iliyotoka katika mmea wa jamii nyingine, Strophanthus. Yasimuliwa ya kuwa mswaki wake uliguswa na sumu hiyo bila yeye kujua. Alipoutumia alisikia uchungu kinywani, na mapigo ya moyo wake yakapungua. Sumu hiyo ilipofikishwa Edinburgh, Thomas Fraser aliichunguza, na dawa ya moyo ikapatikana. Mwaka 1888 Mfaransa Arnaud alitoa katika mti wa Acokanthera kiini chake chenye nguvu, nacho kikaitwa wabaini, kutokana na neno la Kisomali la sumu ya mishale. Na baadaye Mdenmarki Jens Skou, akichunguza jinsi chembechembe za mwili zinavyosukuma chumvi kuingia na kutoka, alitambua kazi hiyo kwa msaada wa kiini hiki hiki, kwa sababu chenyewe huizuia. Alipewa tuzo ya Nobel mwaka 1997. Hivyo twajua leo sababu ya ndovu kuanguka: misuli ya moyo wake hukosa mpango, na moyo husimama.

Elimu hiyo pia yaeleza jambo ambalo wawindaji walilijua siku zote, yaani nyama ya mnyama aliyepigwa kwa mshale huo yalika. Kiini hiki hudhuru sana kikiingia katika damu, lakini tumbo hukipokea kidogo tu. Wawindaji walikata nyama iliyozunguka jeraha wakaitupa, na nyingine wakaipika. Wala binadamu si peke yake aliyegundua faida ya mti huu. Yuko panya mmoja mkubwa wa Afrika ya Mashariki, mwenye manyoya marefu mgongoni, ambaye huitafuna gome la msunguti na kujipaka mate yake kwenye manyoya ya ubavuni. Mbwa amwumaye huugua au hufa. Wataalamu walilithibitisha jambo hilo mwaka 2011, lakini wenyeji walikuwa wakimwogopa panya huyo zamani.

Windo lenyewe

Kwa kuwa uchungu ndio uuao, mwindaji hakuhitaji kuulenga moyo wala ubongo. Alihitaji kuufikisha mshale ndani ya nyama laini, mahali pasipo mfupa, na mahali pazuri palikuwa ubavuni na tumboni. Lakini ili mshale upenye ngozi hiyo, ilimpasa afike karibu mno, hatua 20 au pungufu. Na hapa ndipo ulipokuwa ujuzi wote. Ndovu haoni mbali, lakini pua yake haina mfano. Mwindaji alichukua kifuko cha majivu, akakitikisa mara kwa mara ili aone upepo unakwenda wapi. Upepo ukigeuka, alirudi nyuma, hata kama alikuwa amenyatia tangu alfajiri. Walikuwako pia waliojipaka mavi ya ndovu ili kuficha harufu ya mtu.

Mshale ulipoingia, wano lilitengana na chembe likaanguka, au likavunjwa na vichaka ndovu akikimbia, na chembe yenye uchungu ikabaki ndani. Mwindaji hakumfukuza. Alikaa kimya, kisha akafuata nyayo polepole. Uchungu ukiwa mpya na mshale umeingia vyema, ndovu hakwenda mbali. Lakini kama uchungu ulikuwa umechakaa, au mshale ulikwama katika ngozi, mnyama alikwenda mbali sana, akateseka, pengine akafa mahali pasipojulikana na mtu. Wako watetezi wa desturi hii ambao hulipita jambo hilo kimya. Sisi twaona ni lazima lisemwe.

Haki za windo zilijulikana kwa mshale. Kila mwindaji alikuwa na alama yake, aliyoichora katika mishale yake yote, na mwenye chembe iliyompiga ndovu kwanza ndiye mwenye pembe. Wengine walipata nyama kwa ugawanyaji uliojulikana. Mahali ambapo hapakuwa na karatasi wala karani, alama hizo zilikuwa hati ya mali, na shauri likitokea wazee waliitazama alama kabla ya kuwasikiliza watu.

Pembe ziliuzwa. Hatuwezi kusema ya kuwa Waata waliwinda kwa ajili ya nyama peke yake, maana biashara ya pembe katika pwani hii ni ya karne nyingi, na bara ya Malindi na Mombasa ilikuwa chanzo chake kimojawapo. Mwindaji alipata kidogo. Aliyechukua pembe bandarini alipata zaidi. Na faida kubwa ilikuwa ng'ambo.

Wengine wawindao kwa uta

Si Waata tu waliotumia uchungu. Wakamba ni mafundi wa uta tangu zamani. Katika Tanzania, karibu na ziwa Eyasi, Wahadza wawinda kwa nyuta hata leo. Sumu yao moja hutoka katika mti mfupi wenye shina nene lililojaa maji, uchanuao maua mekundu mazuri wakati wa kiangazi. Nyingine hutoka katika mbegu za Strophanthus eminii, mmea uliopewa jina la Emin Pasha. Kwa mishale hiyo huwapiga pundamilia, pofu na twiga. Lakini kuwinda ndovu si desturi yao. Basi ni kosa kudhani ya kuwa kila mwenye mshale wa sumu alikuwa mwuaji wa ndovu. Kila watu waliwekeana mipaka yao.

Walikuja pia wageni. Mwaka 1911 katika California ya Marekani alitokea msituni mtu mmoja aliyekuwa wa mwisho wa watu wake, Wayahi, naye akaitwa Ishi. Daktari wake, Saxton Pope, alijifunza kwake kutengeneza na kutumia uta. Ishi alikufa mwaka 1916. Mwaka 1925 Pope na mwenzake Arthur Young walikuja Tanganyika kuwajaribu simba kwa nyuta zao, huku wenzao wenye bunduki wakiwa karibu, na habari za safari hiyo zilichapwa kitabuni mwaka 1926. Baadaye Mmarekani Howard Hill aliwapiga ndovu kwa uta, na filamu ya safari yake ikatolewa mwaka 1952 kwa jina la Kiswahili, Tembo. Msomaji wa pwani atacheka kidogo, maana tembo kwetu ni jina la kinywaji cha mnazi pia.

Wageni hao hawakutumia uchungu. Chembe zao zilikuwa pana, zenye makali ya wembe, za kukata mishipa ili damu itoke kwa wingi. Hizi basi ni elimu mbili mbalimbali ambazo zafanana kwa sura tu. Mmoja huua kwa jeraha, na kwa hiyo hutafuta mapafu na moyo. Mwingine huua kwa dawa, na kwa hiyo hutafuta nyama laini. Mtu akiyatazama mambo ya uta bila kuijua tofauti hii, hataielewa hata moja katika desturi tulizozieleza. Tena iko tofauti nyingine: mgeni alikuja kwa ajili ya sifa, akarudi kwake; Mwaata alikuwa na watoto wa kulisha, na hakuwa na kwingine kwa kurudi.

Kukoma kwa desturi

Mwaka 1900 mataifa ya Ulaya yaliyotawala Afrika yalifanya mapatano huko London juu ya kuhifadhi wanyama, na sheria za kuwinda zikawekwa katika nchi zao. Tangu hapo ilimpasa mtu awe na cheti ndipo awinde, na bei ya cheti cha ndovu haikuwekwa kwa mfuko wa Mwaata. Kwa muda mrefu sheria hiyo haikufika nyikani. Lakini mwaka 1948 hifadhi ya Tsavo ilianzishwa, na sehemu kubwa ya nchi yao ya mawindo ikawa ndani ya mipaka yake. Mtu aliyelala mwindaji aliamka mhalifu, naye hakuwa ameondoka mahali pake.

Katika mwaka 1956 na 1957 serikali ilifanya vita vikubwa dhidi ya wawindaji wa Tsavo, vikiongozwa na David Sheldrick na wenzake. Pembe nyingi zilikamatwa, na wanaume wengi wakafungwa. Zile alama za mishale, ambazo tumesema zilikuwa hati ya mali, ziligeuka kuwa ushahidi, kwa maana askari walijifunza kuzisoma. Ni jambo la huzuni kwamba ujuzi wa kwanza ambao serikali iliupata kwa Waata ulikuwa ule wa kuwafungia.

Wako walioona ya kwamba haki haikukamilika. Mwaka 1960 ulianzishwa mpango wa Galana, mashariki ya hifadhi, ili Waata wapate kuwinda kwa hesabu iliyoruhusiwa na kufaidika na nyama na pembe kwa halali. Mpango huo haukudumu, na baadaye nchi hiyo ikawa ranchi. Mwaka 1970 na 1971 kiangazi kikali kiliua maelfu ya ndovu wa Tsavo kwa njaa. Mwaka 1977 Kenya ilipiga marufuku mawindo yote, ya wageni na ya wenyeji.

Ukiwa umeutoa uta, je, ndovu wakapona? La. Wakaja watu wenye bunduki za vita, wasiohitaji kujua upepo wala nyayo. Ndovu wa Tsavo, ambao katika miaka ya 1960 walihesabiwa kwa makumi ya maelfu, walikuwa wamepungua chini ya 6,000 katika hesabu ya mwaka 1988. Mwaka 1989 Rais Moi alizichoma tani 12 za pembe mbele ya dunia, na mwaka huo huo mataifa yakapatana kukataza biashara ya pembe. Tangu hapo hesabu imeanza kupanda tena.

Hatusemi ya kuwa uta haukuwa na madhara. Pembe zilizokamatwa katika miaka ile zilikuwa nyingi, na mahali ambapo mnunuzi hana kiasi, mwindaji naye hupoteza kiasi chake. Lakini kupima ni kazi ya mwenye haki, na katika mizani hii yafaa tuweke upande mmoja wale waliokaa na ndovu karne nyingi bila kuwamaliza, na upande mwingine wale waliowamaliza karibu wote katika miaka 15.

Neno jangili

Twamaliza kwa neno. Siku hizi mtu awindaye bila idhini huitwa jangili, na kamusi hulipa neno hilo maana nyingine pia, yaani mtu mwovu. Maana hizo mbili zimekaa pamoja hata watu hawazitofautishi. Mtoto wa Kiata akisoma shuleni ya kuwa majangili ni adui za nchi, kisha akirudi nyumbani akamkuta babu yake ana alama ya upote katika mkono wake wa kushoto, atamwita nani? Sheria yaweza kukataza tendo. Hiyo ni kazi yake, na katika jambo la ndovu twaona imefanya vyema. Lakini kuwabadilisha jina watu waliokwisha tenda kabla ya sheria, hilo si la sheria, ni la lugha, na lugha ni amana ya wote waisemao.

Kiswahili kina maneno ya kutosha kwa kazi hiyo. Jangili na awe yule auaye leo kwa bunduki na kwa tamaa, akijua ya kuwa amekatazwa. Mzee wa Galana aliyevuta uta wa ratili 100, aliyejua upepo kwa majivu na aliyechora alama yake ili asimdhulumu mwenzake, huyo alikuwa mwindaji. Wasomaji wetu wakaao karibu na wazee wa namna hiyo twawaomba wafanye jambo moja dogo: waulize majina ya sehemu za uta, ya manyoya, ya namna za nyayo, ya miti na ya alama, wayaandike kama yalivyosemwa, katika lugha ya mzee mwenyewe, pamoja na maana yake. Uta wenyewe hauvutwi tena, na afadhali iwe hivyo. Maneno yake hayamdhuru ndovu yeyote.